Uzito Uliotajwa

Kila Alhamisi, saa tisa kasoro robo alasiri, mpima uzito wa ukumbi wa ngumi alifungua kufuli la mlango wa pembeni, akafagia jukwaa la mizani kwa ufagio mdogo, kisha akaanza kuijaribu. Aliweka chuma cha kilo ishirini. Akaweka cha pili. Akaviondoa vyote na kupanda mwenyewe bila viatu, maana uzito wake aliujua: kilo sitini na nane, sitini na tisa kama ameshiba. Mizani ikikubaliana naye, aliipangusa kwa kitambaa chenye mafuta kidogo na kuketi kusubiri. Kazi hiyo alikuwa ameifanya miaka kumi na saba na hakuwahi kukosea hata nusu kilo. Watu walimwita Mama Mizani, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu.

Mizani yenyewe ilikuwa ya zamani, ya mkono wa chuma na jiwe la kusogeza. Bondia alipanda akaupa mkono ule mgongo, uso ukiwaelekea watu. Mpima alisogeza jiwe mpaka mkono utulie, akautaja uzito kwa sauti mara tatu. Baada ya mara ya tatu wanachama walijibu kwa pamoja, "Tumesikia." Basi, imekwisha hiyo. Uliotajwa na kusikiwa ndio ulioandikwa kitabuni, na hata bondia akigeuka akaona mkono unasema mengine, haikumsaidia kitu. Kanuni hiyo ilikuwa ukutani kwa rangi nyeupe: UZITO NI ULIOTAJWA.

Kazi alifundishwa na baba yake mdogo, ndugu wa marehemu baba yake, aliyekuwa mpima kabla yake na ndiye aliyemlea. Mzee huyo alikuwa amestaafu lakini hakuacha kuja. Alikaa benchi la kushoto pamoja na Kinyozi, mwenye kibanda mkabala na ukumbi, na Mwalimu, aliyefundisha hesabu mpaka chaki ikamharibia kifua. Watatu hao walikuwa na shughuli moja hapa duniani: kuwapiganisha mabondia wa uzito wa juu ambao hawakuwahi kuonana.

"Tuseme," Kinyozi alianza siku moja, kama alivyoanza siku zote, "tuseme Ngumi Tupu wa enzi za babu zetu anakutana na Bwana Kijivu wa kwenye filamu. Nani anabaki wima?"

"Bwana Kijivu," Mwalimu alisema. "Upana wa mikono yake ni sentimita mia mbili na tano. Nimeupima kwenye picha, nikazidisha."

"Mkono mrefu ni wa kuanikia nguo. Ngumi Tupu alimpiga fahali ngumi moja, fahali akapiga magoti."

"Nani alimwona?"

"Babu yangu."

"Babu yako alikuwa haoni mbali, wewe."

"Ndiyo maana alikaa karibu!"

Baba mdogo alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akauliza wangepigana raundi ngapi. Wakakubaliana kumi na moja, maana Ngumi Tupu alizoea kupigana mpaka jua lizame na Bwana Kijivu alizoea raundi nane. Wakakubaliana kuhusu glavu. Wakabishana kuhusu kona nusu saa nzima, nani aliketi upande wa dirisha na nani upande wa ndoo. Yaani siku hiyo walilipanga pambano vizuri kuliko Mwenyekiti wa chama alivyowahi kupanga la kweli, na hakukuwa na kilichobaki isipokuwa mabondia wenyewe. Saa kumi kamili Ngumi Tupu aliinama kupita mlangoni akauliza wanapimia wapi.

Mama Mizani alimwambia avue viatu. Hakuwa navyo.

Alikuwa amekufa miaka tisini hivi nyuma. Kwa kuwa hakupigwa picha hata moja, uso wake ulikuwa ule wa kwenye masimulizi: nyusi na masharubu vilionekana vizuri sana, sehemu nyingine zilikuwa hazijamalizika. Mkono wa kulia ulikuwa mrefu kuliko wa kushoto kwa kiganja kizima, kwa sababu ndio uliosifiwa zaidi. Jiwe lilipofika mia na thelathini mkono wa mizani ulitulia. Kinyozi akamnong'oneza jirani yake habari ya fahali, na mkono ukapanda tena kilo mbili.

"Kinyozi, nyamaza nipime," Mama Mizani alisema.

Kinyozi akanyamaza. Uzito ukatajwa, wakajibu tumesikia.

Bwana Kijivu aliingia nyuma yake akiwa wa kijivu mwili mzima, bukta, meno na hata kitaulo begani, maana watu walimjua kwa filamu ya zamani isiyo na rangi. Alitembea haraka kidogo kuliko binadamu na kwa kurukaruka, na nyayo zake hazikutoa sauti. Kilo mia na moja. Refa akawaita katikati, akawaambia wasipigane chini ya mkanda, akapiga makofi mawili, pambano likaanza.

Walioliona hawajapata namna ya kulieleza vizuri, ingawa wamejaribu. Ngumi za Bwana Kijivu hazikuwa na mlio. Uliona kichwa cha mwenzake kikirudi nyuma, ukasubiri kishindo, hakikuja, na ule ukimya ukakupiga wewe uliyekaa. Ngumi Tupu alirusha mkono wa kulia mara moja tu kwa kila raundi. Aliporusha, maji yaliyokuwa kwenye ndoo ya kona yalichora duara, mabati ya paa yalidondosha kutu, na benchi la nyuma lilisogea likiwa na watu wake saba. Raundi ya sita mkono ule ulimpita Bwana Kijivu shavuni bila kumgusa, na upepo wake ukamwachia alama nyekundu, rangi pekee aliyowahi kuwa nayo. Wauza mitumba ng'ambo ya barabara waliacha nguo zao juani wakaja kusimama madirishani. Hakuna aliyepiga kelele. Watu walikuwa wamejishika wenyewe, huyu mkono, yule goti, kama waliopanda kitu kirefu na kuogopa kutazama chini. Mwalimu alisahau kuhesabu. Raundi ya kumi na moja Bwana Kijivu aliingia ndani ya ule mkono mrefu, akapiga pale penye uso usiomalizika, na Ngumi Tupu akakaa kwenye turubai taratibu, kama mtu anayekaa kupumzika kwake.

Refa akahesabu mpaka kumi. Halafu Kinyozi akasema, "Turubai lilikuwa na maji."

"Maji gani?"

"Ya ndoo. Amekaa upande wa ndoo. Si nilisema mimi? Tuseme angekaa upande wa dirisha."

Wakaanza upya.

Toka hapo walikuja kila Alhamisi, wawili wawili, kulingana na benchi la kushoto lilivyopanga. Mwenyekiti wa chama alibandika tangazo: wageni wa zamani watumie mlango wa pembeni na waje na taulo zao. Walitengewa safu ya viti upande wa kulia, wakawa wanakaa pale wakisubiri zamu, mabega yamegusana, wakubwa kama makabati. Kila mmoja alikuja na mwili aliotengenezewa na mazungumzo. Waliosifiwa walikuwa wamenenepa. Mmoja aliyesemwa kila siku kwamba alikuwa mwoga alikuja bila magoti, akapigana vizuri tu. Naye Kontena alikuja, bingwa wa ukumbi huu wenyewe, aliyekufa kwa sukari miaka sita nyuma, kilo mia na kumi na nane, anayehitaji viti viwili. Mama Mizani aliwapima wote. Alikuwa akiweka kiganja kwenye mkono wa mizani ili utulie, na chuma kilikuwa kikitetemeka kidogo kwa pumzi zao. Akirudi nyumbani ghorofa ya tatu alikuwa bado anausikia ule mtetemo vidoleni.

Ngazi alizipanda moja moja, akipumzika kila kona. Alikuwa akifanya hivyo tangu ana miaka kumi na miwili.

Sababu yake ilikuwa ubaoni, juu ya mlango, mahali yalipoandikwa mapambano ya ubingwa. Mstari wa tisa ulisema: KONTENA KG 118 AMEMSHINDA CHEREHANI KG 92, RAUNDI YA NNE. Cherehani alikuwa baba yake. Aliitwa hivyo kwa mikono yake, ilivyokuwa ikienda bila kuonekana. Alianguka kwenye raundi hiyo ya nne na hakuamka, na kitabuni, kwa mwandiko wa baba mdogo, iliandikwa: moyo dhaifu. Kwa hiyo mtoto wake alilelewa kama glasi yenye ufa. Hakukimbia na wenzake. Hakubeba maji. Harusini alipewa kazi ya kushika mikoba. Baba mdogo alikwenda mwenyewe shuleni kumwombea asicheze michezo, na mtoto akakua, akawa mtu mzima wa miaka arobaini na mmoja ambaye hajawahi kulikimbilia basi. Hakulalamika. Alitaka kujua kitu kimoja tu, kama baba yake alikuwa dhaifu kweli, na hakukuwa na wa kumuuliza.

Alhamisi moja, benchi la kushoto lilipokuwa limekaukiwa na majina, Mama Mizani aligeuka kwenye kiti chake.

"Na Cherehani je?"

Watatu wale walitazamana. Katika miaka ishirini na tisa ya kuwapiganisha wote waliowahi kuvaa glavu, hawakuwahi kumtaja Cherehani, hata kwa bahati mbaya.

"Baba yako tumwache apumzike, mama," baba mdogo alisema.

"Hawa wengine mbona hamwaachi?"

Kinyozi alikohoa. Mwalimu alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaivua tena. Lakini wanachama wengine walikuwa wamesikia, na wazo likawapendeza: marudiano! Cherehani wa siku zake bora na Kontena wa siku zake bora. Kontena, kwenye viti vyake viwili, alitazama mikono yake. Mwenyekiti akachukua karatasi na kuandika tangazo: Alhamisi ijayo.

Jumanne baba mdogo alikwenda nyumbani kwa Mama Mizani, akapanda ghorofa tatu, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango. Akapewa chai. Aliishika mpaka ikapoa.

"Mwanangu," alisema, "akipanda, utataja tisini na mbili."

"Nitataja itakachosema mizani, baba. Si wewe ulinifundisha?"

"Nilikufundisha, ndiyo. Na mizani itasema hivyohivyo. Ila hawa wanaokuja, si unawaona, uzito wao unapanda unashuka. Ukiona inasitasita, wewe usihangaike. Taja tu."

Akashuka ngazi bila kunywa ile chai.

Alhamisi watu walijaa mpaka madirishani. Mama Mizani alijaribu mizani mara mbili. Saa kumi mlango wa pembeni ulifunguka, akaingia kijana wa miaka thelathini na mmoja mwenye begi lililoharibika zipu, limefungwa kwa kamba ya kiatu. Begi hilo Mama Mizani alilijua. Kamba ile aliitoa yeye kwenye kiatu chake cha shule.

Kijana alimwona mwanamke mtu mzima, mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama. Uzito napimia hapa?"

"Marahaba," alijibu kwa mazoea. Kisha akasimama. "Shikamoo, baba."

Kijana akamtazama kuanzia juu mpaka chini, na kurudi juu.

"Marahaba," alisema polepole. "Umekua."

"Nimekua."

"Mama yako hajambo?"

"Alifuata miaka tisa baada yako. Hamjaonana?"

"Kule kukubwa," alisema. Akavua viatu, akavipanga pamoja ncha zikitazama ukuta, kama alivyokuwa akivipanga mlangoni kwao, akapanda.

Mama Mizani alianza na jiwe kwenye tisini na mbili. Mkono ukaanguka. Akarudisha mpaka themanini na nane, ukaanguka. Themanini na tano. Themanini na mbili. Akamshusha baba yake, akaweka vyuma vyake viwili, mizani ikasema arobaini. Akampandisha tena. Kwenye sabini na tisa mkono ulijinyoosha, ukatulia, haukupanda wala kushuka. Kinyozi alijaribu kusema kitu cha sifa, lakini haukusogea. Mabondia wengine walikuwa wameumbwa na maneno ya watu. Huyu hakuongezwa na mtu wala hakupunguzwa, kwa kuwa hakutajwa, na alikuja na mwili wake mwenyewe, uleule aliouacha.

Uzito wa juu katika ukumbi ule ulianza kilo tisini.

"Inasema ngapi?" Cherehani aliuliza, mgongo ukiwa kwenye mkono wa mizani.

Baba mdogo alikuwa ameshainuka kwenye benchi.

"Mwanangu, uzito wake ulishatajwa. Ulitajwa na mimi, ukasikiwa."

"Mama Mizani," Mwenyekiti alisema, "watu wamejaa mpaka madirishani."

Mama Mizani alipoyasikia maneno hayo aliiona siku ile nyingine kama vile alikuwepo. Watu walijaa mpaka madirishani. Mtu mmoja alikuwa amesimama hapa hapa aliposimama yeye.

"Mliongeza kiasi gani?" aliuliza.

"Kumi na tatu," Mwalimu alisema, ingawa swali halikuwa lake. Halafu akatazama viatu vyake.

Baba mdogo alikuwa bado amesimama, mikono imening'inia.

"Tulibishana miezi minne," alisema. "Mimi nilisema ndugu yangu anampiga Kontena. Hawa wakasema, labda angekuwa na uzito. Kila Alhamisi, labda angekuwa na uzito, labda angekuwa na uzito. Na mimi nilikuwa na hakika, mama. Hujui nilivyokuwa na hakika. Nikampa uzito. Walioketi mbele waliuona mkono. Wote wakajibu."

Hapakuwa na aliyekataa. Kinyozi alikuwa akichunguza kucha zake.

"Na moyo?"

"Ilibidi iandikwe kitu."

Mama Mizani alizunguka akasimama mbele ya baba yake. Hata akiwa juu ya jukwaa, Cherehani hakuwa mrefu.

"Baba, moyo wako ulikuwa na shida?"

Alifikiri kwa uaminifu. "Haukuwahi kunisumbua. Mbavu ndizo ziliniuma."

Kontena akasema kutoka safu ya wageni, na sauti yake ilifika miguuni mwa watu kwanza, masikioni baadaye. "Nilipompiga aliruka. Mtu wa tisini na mbili haruki namna ile. Nikajiuliza. Lakini watu walikuwa wanapiga kelele songa, songa, nikasonga."

"Ulisonga sana," Cherehani alisema.

"Nilisonga, kaka. Samahani."

"Ah. Ndiyo kazi."

Mama Mizani alirudi nyuma ya mizani. Mkono ulikuwa bado umenyooka. Alimwambia baba yake kwamba akitaja kinachoonekana hapa, leo hatapigana. Akitaja kilichoandikwa kitabuni, atapigana na Kontena tena.

Cherehani alimtazama Kontena, viti vyake viwili na mikono yake juu ya mapaja. Akaangalia watu madirishani. Akaangalia begi lake.

"Nimetoka mbali," alisema. "Nimekuja kupigana. Lakini mpima ni wewe."

Mama Mizani alivaa miwani. Aliweka kiganja kwenye chuma, na safari hii hakikutetemeka.

"Sabini na tisa," alisema. Watu walikuwa wamejishika kama siku ile ya Bwana Kijivu. "Sabini na tisa." Kutu ikadondoka toka kwenye bati, punje moja moja, ingawa hakuna aliyerusha ngumi. "Sabini na tisa."

Mpima haruhusiwi kujibu alichotaja mwenyewe. Akasubiri. Wanachama walitazama sakafu. Midomo ya baba mdogo ilifunguka, ikakaa hivyo kidogo, ikafungwa.

Ndipo safu ya kulia iliposimama. Walisimama wote, Ngumi Tupu na Bwana Kijivu na yule asiye na magoti na wengine wa miaka mia na zaidi, wakaujaza upande ule wa ukumbi mpaka mwanga wa madirisha ukapungua, na Kontena akasimama wa mwisho, viti vyake vikaanguka. Wakajibu kwa pamoja.

"Tumesikia."

Maji ya ndoo yalichora duara, na duara likachora jingine. Mama mmoja wa mitumba, huko dirishani, alivua kilemba chake bila kujua kwa nini. Hata Bwana Kijivu, ambaye hakuwahi kutoa sauti tangu aje, watu walimsikia.

Mwenyekiti alifungua katiba ya chama ukurasa wa sita. Alisoma kwa sauti kwamba uzito husikiwa na wanachama wenye kadi hai. Akaeleza, kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba kadi ya Kontena iliisha muda miaka mitano iliyopita, na huyo Ngumi Tupu alikufa kabla kadi hazijaanza kuchapwa, wala hao wengine hawakuwahi kuwa nazo. Kwa hiyo Cherehani ametajwa lakini hajasikiwa. Hana uzito mpya, wa zamani unabaki, na kwa kuwa mpima amekataa kuutaja wa zamani, pambano limeahirishwa. Wakawaingiza wengine wawili badala yake. Lilikuwa pambano zuri.

Cherehani alivaa viatu akaketi kando ya binti yake, kwenye kiti cha kuwekea mataulo. Raundi ya tatu alimwambia kwa sauti ya chini, "Yule anaangusha mkono wa kushoto, unaona?" Mama Mizani akasema anaona. Ilikuwa kweli, kwa kuwa sasa alikuwa ameonyeshwa.

Jioni alipanda ngazi za nyumbani kwake mbili mbili mpaka ghorofa ya tatu, akasimama mlangoni akisikiliza kifuani. Moyo ulikuwa unadunda vizuri tu. Akashuka, akapanda tena.

Mstari wa tisa ubaoni haujafutwa. Bado unasema kilo tisini na mbili, na mwaka jana ulipakwa rangi upya pamoja na mingine. Kitabuni bado ni moyo dhaifu. Baba mdogo bado anakuja na kukaa benchi la kushoto. Siku ya kwanza baada ya mambo yale alipita mbele ya kiti cha mataulo, akasimama, mzee wa mvi mbele ya kaka yake mkubwa mwenye miaka thelathini na mmoja.

"Umezeeka, mdogo wangu," Cherehani alisema.

"Ndiyo, kaka."

Hawajazungumza zaidi ya hapo.

Kila Alhamisi, kabla ya wengine kupimwa, Cherehani anavua viatu, anavipanga, anapanda. Binti yake anasogeza jiwe mpaka sabini na tisa, anataja mara tatu. Safu ya kulia inasimama na kujibu, kutu inadondoka. Walio hai wanatazama viatu vyao mpaka iishe. Halafu upimaji wa kawaida unaanza, na watu wanapumua, na baada ya muda Kinyozi anaegemea nyuma kwenye benchi, hawezi kujizuia.

"Tuseme," anasema taratibu, "tuseme tu, jamani, kweli angekuwa na tisini na mbili."

Mwalimu anatoa kalamu. Baba mdogo anasogea karibu. Na Cherehani, akiwa ameinama anafunga kamba za viatu, anaacha kufunga, anatega sikio.